Bawa la Apolline

Kwa majigambo, Apolline wa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hakuwa na mpinzani. Alianza kwa kuziba mabeseni na madumu ya plastiki yaliyopasuka, akitumia chuma cha moto. Baadaye akahamia bampa za magari kule Kakoba, mjini Mbarara, na tangu hapo Nakivale hapakukalika. Ukimpelekea beseni, alikutazama kama mgonjwa aliyekosea hospitali.

Mwaka huu Tumwine, dereva wa mashindano wa Mbarara, alimpa Subaru yake aitengenezee bawa la nyuma, lile la kukandamiza gari chini lisiteleze. Apolline akachonga bawa la plastiki pana kama meza, akaandika juu yake kwa rangi nyekundu: APOLLINE. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, alisimama bila kuitwa, akawaalika waumini wote waje Jumamosi kuliona. Perpétue, kiongozi wa kwaya, ambaye hakumwamini hata aliposema amina, ndiye wa kwanza kuahidi kufika.

Ijumaa wakalijaribu gari. Kwenye njia iliyonyooka lilikwenda vizuri. Kwenye kona Tumwine alikata usukani, gari likaendelea na safari zake mpaka majanini, mbuzi wakatawanyika.

"Nyabo, hii gari nakataa kona," Tumwine alisema akitema vumbi. "Kesho kama nakataa tena, mimi natoa hiyo kitu yako, napeleka gari kwa fundi ingine."

"Shida haiko ku bawa, ssebo. Iko mu mikono yako."

Papo hapo ikapita boda iliyorundikiwa mikungu ya ndizi nyuma, gurudumu la mbele likielea, dereva amelalia usukani ili apate kugeuka. Apolline akanuna. Waendesha boda wanaompakia mabeseni vile huwagombeza kila siku. Bawa lake nalo lilikuwa limeukalia mkia, pua ikainuka, matairi ya mbele yakakosa kushika udongo. Aliulaumu upepo kwanza, kidogo tu.

Dawa ilikuwa kupunguza nyuma na kuongeza mbele. Na plastiki ya unene ule alikuwa nayo hiyo hiyo tu, yenye jina. Iliuma. Alishika msumeno akitukana kwa lugha tatu, Mprotestanti mzima. Akazikata ncha zote mbili za bawa, akazichomelea mshazari kwenye bampa ya mbele, moja kila upande. Nyuma zikabaki herufi nne.

Jumamosi lori la kwaya lilifika limejaa. Tumwine akaiingia kona ileile, gari likainamisha pua, likageuka. Mbuzi hawakuinua hata kichwa. Apolline alishangilia mpaka kitenge kikamfunguka.

Perpétue alikodoa macho. "OLLI ni nani? Jina yako iko wapi? Ulisema mu kanisa batu bote bataiona."

"Iko kule mbele, mama," Apolline alijibu, akifunga kitenge bila kumtazama. "Inakamata pua ya gari chini."