Mfumo Usioharibika

Juzi, nikiwa kwenye ghala la kakao hapa Bondeni, kompyuta ya mizani iligoma. Kijana aliyeiandikia programu akampigia mwenzake aliyeiandika pamoja naye, ambaye siku hizi yuko Dodoma. Wakaongea Kinyakyusa na kucheka mpaka ikakubali.

“Hamishia programu yetu kwenye mfumo mpya, bwana,” sauti ya simuni ilisikika ikisema. “Ule hauharibiki ovyo.”

“Bado nafikiria. Ndaga,” kijana akashukuru kwa Kinyakyusa.

Simu ilikatika, lakini hakuitoa sikioni.

Mama aliyeleta gunia akauliza, “Mwanangu, kisichoharibika unakikataaje?”

“Kisipoharibika, mama, huyu nitampigia kwa sababu gani?”

Nilimcheka kijana yule kimoyomoyo njia nzima nikirudi nyumbani. Jioni nikampigia rafiki yangu wa zamani aliyehamia Mwanza. Alipouliza kuna nini, nikamwambia simu yangu inasumbua.