Mawe ya Yosamu na Mshahara wa Mwalimu

Ukifika Nyakalengija uliza Yosamu, mpagazi wa mlimani. Utaonyeshwa kabla hujamaliza kutaja jina. Ana mgongo wa punda na mdomo wa redio ya sokoni. Muhula uliopita mdomo huo nusura umharibie bintiye Kabugho, aliyekuwa darasa la saba akijiandaa kwa mtihani wa mwisho.

Kwenye kikao cha wazazi Yosamu alisimama. "Shule hii tuliijenga sisi! Mawe nilibeba mimi kutoka mto Mubuku, kwa kichwa hiki. Sasa mtu atalipa ada ya kuingia nyumba yake? Msitoe!"

Wazazi wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na pesa zao, wakimwita mheshimiwa.

Haukupita muda Kabugho akaleta habari: mwalimu Olanya, wa hesabu, ameitwa na shule moja ya Bwera. Anaondoka Ijumaa.

Yosamu akamwendea mwalimu mkuu, madamu Yayeri, kifua mbele.

"Madamu, walimu si wanalipwa na serikali?"

"Wa shule zake. Hii ni ya kanisa na yenu. Hata chaki serikali haituletei. Olanya anakula ada yenu, basi."

"Lakini mawe yangu..."

"Mzee Yosamu, njia unayopandishia mizigo ya wazungu, nani aliichonga?"

"Babu zetu."

"Mbona basi unadai malipo?"

"Ah, madamu! Njia ni ya babu, mgongo ni wangu!"

Yosamu akayasikia maneno yake mwenyewe, akajikuna shingo.

Nyumbani akatoa ada yake yote. Mkewe, Rusi, akacheka. "Ada ya mtoto mmoja italisha mwalimu? Mifuko ya watu uliifunga wewe. Nenda ukaifungue."

Mzigo wa mlimani ungekuwa mwepesi zaidi. Alianza kwa jirani yake Kakuru, aliyekuwa akianika kahawa.

"Mheshimiwa! Si wewe uliyetukataza?"

"Ni mimi."

"Na leo?"

"Leo toa."

Kakuru akaita mke na wakwe, akamtaka arudie kwa sauti ile ile ya kikao. Yosamu akarudia. Akarudia nyumba hadi nyumba, mpaka kijiji cha Ibanda, koo likimkauka na mifuko ikifunguka.

Ijumaa, badala ya kwenda Bwera, Olanya aliingia darasa la saba, akaandika hesabu ubaoni, akamwita Kabugho aje aifanye.