Rangi Chini ya Waya wa Masi

Nilimtukana fundi wangu wa batri kwenye simu, na sitaficha. "Papa, uliniuzia maiti! Batri gani hii, kila siku naitembeza na kila siku inarudi na njaa?" Muzee wa watu akasema tu anakuja.

Wakati ule mimi na mama yangu tulikuwa tunaishi ndani ya basi dogo, huku Murara, kwenye kiwanja cha mjomba. Asubuhi naliendesha mpaka sokoni, nashonea watu nguo humo humo, jioni tunarudi kulala. Lilikuwa na batri mbili. Ya mbele iliwasha injini. Ya pili, chini ya kitanda cha mama, ilikuwa ya nyumba, yaani ya taa na vyombo vyetu, na injini ikiwaka ilitakiwa kuzijaza zote mbili.

Batri ile ya nyumba nilinunua kwa sababu ya pumu ya mama. Ana mashine ndogo inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke, anaivuta kwa kinyago, na kiwanjani hakukuwa na umeme. Batri ilipoanza kuishiwa nilimwambia wazi: isipopona, utaenda Butembo kwa dada, kule kuna umeme. "Mimi si kifurushi," alinijibu, akageukia ukuta.

Fundi alifika kutoka Katindo na kipimo chake cha volti. Hakunilipizia matusi, na hilo lilinikera zaidi. Akaniambia niwashe injini. Batri ya mbele ilikuwa inapokea vizuri, volti kumi na nne. Ya nyumba, kumi na mbili tu, haisogei.

"Unaona? Maiti!" nikasema.

"Ngoja, mama," akaniambia mimi. "Mugonjwa haachi kula kwa sababu amekufa. Pengine hapewi chakula."

Akaacha waya mmoja wa kipimo kwenye ncha ya chanya ya batri ile ile ya nyumba, wa pili akaugusisha kwenye chuma cha injini. Kumi na nne. Umeme ulikuwa unafika, ila haukuwa na njia ya kurudi. Akauliza waya wa masi umefungwa wapi, ule mweusi unaoshika bodi ya gari. Nikamwonyesha bolti sakafuni, chini ya kitanda. Aliifungua, akaangalia, akacheka mpaka akakohoa.

Chini ya bolti kulikuwa na rangi. Ya bluu, ya mafuta, nzito, na niliipaka mimi. Mama alikataa kata kata kulala humo kabla hatujapaka: mutu hahamii ndani ya rangi ya mwingine, alisema. Kwao Masisi ndivyo walivyofanya, na mimi nilijua ni kweli. Nikatoa batri, nikapaka kuta, dari, sakafu, kila mahali, kisha nikafunga waya juu ya rangi yangu nzuri. Rangi haipitishi umeme. Aka! Mkuki kwa nguruwe.

"Batri yako iko muzima," akasema. "Ulifungia mulango na funguo ikabakia inje." Alikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akafunga tena. Kipimo kikaanza kupanda pole pole. Nilimwomba radhi kwa mikono miwili, akasema amesikia mabaya zaidi kwa wanajeshi.

Nikamwita mama. Njoo uvute dawa yako, umeme uko. Nilipofungua kisanduku cha mashine, vichupa vya dawa vilikuwa vimejaa, vyote, kama nilivyovileta wiki iliyopita.

"Mama, hujavuta?"

"Niliogopa kuimaliza ile batri," akasema, akivuta pumzi kati ya kila neno. "Ungenituma Butembo."

Na mimi kila asubuhi nilikuwa nasikia kifua chake kinapiga filimbi, nikasema ni vumbi. Niliona aibu, nikalia mbele ya fundi bila kujificha. Nikamfungia kinyago, nikashikilia kwa mkono. Nilimwambia haendi popote, lakini mashine ilikuwa inanguruma, na sijui kama alisikia.