Picha ya Babu na Mtani Wake

Babu yangu alikuwa na sifa moja aliyoitembelea maisha yake yote: kwamba katika ujana wake, kabla treni haijafika Tabora, alibeba pembe ya ndovu begani mpaka pwani, akanawa uso kwa maji ya chumvi, akarudi. Kwetu Unyamwezi jambo hilo halikuwa dogo. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu, na wasichana walimcheka kisimani. Babu hakuchekwa. Sisi wajukuu tuliijua safari ile kambi kwa kambi, ingawa kila mwaka pembe ilizidi kuwa nzito.

Mtu mmoja tu hakumwamini, bibi mmoja wa Kizaramo aliyeuza vitumbua karibu na stesheni. Alikuja na marehemu mumewe aliyekuwa fundi wa reli, na mume alipokufa akabaki. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo alikuwa na haki kamili ya kumtukana babu mbele za watu, na babu hakuruhusiwa kukasirika.

"Mtani," alikuwa akimwita kutoka ng'ambo ya barabara, "hebu nikumbushe, bahari iko upande gani wa Bagamoyo?"

"Upande ule walikokutupa ulipozaliwa."

Hivyo ndivyo walivyoamkiana miaka na miaka, na siku bibi asipopita, babu alikosa hamu ya kula.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, nami nilikuwa mwalimu mchanga katika shule ya misheni. Stoo ya misheni ilikuwa na masanduku ya picha za mama mmoja wa Kizungu aliyezunguka sehemu zetu na kamera, miaka ya mwanzo ya utawala huo. Wazee walimkumbuka: mwanamke aliyejifunika kitambaa cheusi kichwani, akakaza jicho, na hakutaka mtu ambebee kamera yake. Padre aliamua picha zitundikwe ukumbini siku ya sikukuu ya parokia, akanipa kazi ya kuzifuta vumbi na kuzichagua.

Nilimpenda mama yule kabla sijamaliza sanduku la kwanza. Watu wake hawakukaa kama miti. Bibi harusi kanuna, mhunzi anajikuna, wanawake kisimani wanakaribia kucheka na unatamani kujua nani kasema nini. Halafu nikafikia picha ya msafara: wapagazi wamepanga mstari mrefu, pembe begani, na wa tatu ni babu. Masikio yale yasingeweza kuwa ya mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, mwalimu mzima.

"Shikamoo babu! Nimekuona! Uko kwenye picha na pembe yako!"

"Marahaba." Akaweka kiko chini. "Mchwa hawajaila?"

"Haina hata tundu. Jumapili itatundikwa ukumbini."

"Basi kawaite mchwa."

Ndipo aliponieleza. Mama yule alipofika, misafara ilikuwa imekwisha, mizigo yote inabebwa na treni. Lakini yeye alitaka picha ya msafara. Akawakusanya wakulima wa kijiji cha Puge, babu akiwa mmoja wao, mizigo ikajazwa nyasi, na pembe zikachongwa kwa mti wa mninga na kupakwa chokaa.

"Na pwani je, babu?"

Alitazama mlango kwanza. "Nilifika Tura tu, hata nchi yetu sijaimaliza. Tumbo likanikamata, wenzangu wakaniacha." Kisha akaanza kukohoa, kikohozi kilichomkondesha tangu kiangazi kianze. "Yule Mzaramo akiiona picha hiyo, nimekwisha. Ifiche."

Nilimwambia babu kwamba padre ameshaikagua, haifichiki. Padre hakuwa ameiona kabisa, lakini sikutaka kuikosa Jumapili ile.

Babu aliwahi ukumbini kuliko watu wote, koti likimning'inia, akasimama mbele ya picha mikono kaipanua kama mtu anayezuia mbuzi. Haikusaidia. Bibi alimsukuma kando, akaitungua picha, akaibana kwapani. Mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu chako mpaka ukikomboe kwa kuku. Padre akawa mwekundu, ikabidi nimweleze kwamba huo si wizi. Akaniomba nimweleze tena.

Bibi akaipeleka picha dirishani penye mwanga. Alikulia pwani, baba yake alikuwa kuli katika maghala ya pembe. Niliona kidole chake kikisimama juu ya pembe ya babu, mahali ambapo chokaa haikufunika kifundo cha tawi. Akainua macho akamtazama babu: lile koti, ile shingo. Alimtazama muda mrefu. Ukumbi mzima ulisubiri aanze.

"Ni kweli," alisema kwa upole. "Pembe hii ilifika kwetu. Mtani wangu alifika pwani."

Akairudisha picha kwenye msumari, akainyoosha. Watu wakapiga makofi, nami nikashusha pumzi.

Lakini babu alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi. Nilipomwona hivyo nikaelewa, na moyo ukaniuma. Mtani hukutukana maadamu una nguvu za kujibu. Yule bibi alikuwa ameanza kumhurumia.

"Mwongo mkubwa wewe!" babu alifoka. "Pembe gani? Huo mninga! Hapo ni Puge, nyuma ya shamba la karanga! Mimi nimefika Tura, nikaharisha, nikarudi kwa mama! Pwani sijaiona! Haya, nitukane!"

Bibi alimkodolea macho.

"Tura?" aliuliza.

"Tura!"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuigiza: mpagazi hodari anatoka Tabora kifua mbele, mara anashika tumbo, anatupa pembe, anatafuta kichaka, kichaka hakipo. Watu walishikana wasianguke. Padre aliniuliza bibi anasema nini, nikamwambia anaisifu misheni.

Babu alinishika mkono, machozi yakimtiririka kwa kicheko na kikohozi.

"Unamsikia? Unamsikia anavyonitukana?"

"Namsikia, babu."

"Mwambie asiharakishe."