Karanga za Marguerite na Trakti za Uhuru

Siku hizi mtu wa Bujumbura hupokea maneno chungu nzima kwenye simu kabla hajanawa uso, na hakuna analolisoma mpaka mwisho. Marguerite, bibi wa mtaa wa Ngagara anayeuza karanga mpaka leo, huwacheka. Yeye aliwahi kuona mtu akiinuka kitini kutafuta nusu ya sentensi.

Mji ulikuwa bado ukiitwa Usumbura, naye alikuwa msichana. Kila asubuhi trakti zilikutwa milangoni, karatasi za kuwashawishi watu wadai Uhuru upesi. Mtaa mzima ulizisoma kwa sauti, ukabishana, ukacheka. Ila baba yake, mzee Jérémie, karani wa Wazungu, alizitia motoni bila kuzitazama. Majirani wakaanza kupita mlangoni kwake bila salamu. Jambo hilo lilimchoma Marguerite: siku ya kura ilikuwa karibu, na baba yake angebaki peke yake.

Lakini mzee alipenda karanga.

Basi Marguerite akachana trakti, akakunja vipande mfano wa pembe, maandishi ndani, akajaza karanga za moto zenye chumvi. Baba akala mpaka jicho likaangukia karatasi.

"'Mtu anayengojea apewe nchi yake ni kama...' Kama nini? We Marguerite! Imekatika hapa!"

"Sijui, baba. Labda iko kwenye zingine."

"Leta zingine!"

Akala hizo pia. Jibu hakuna, ila hoja nyingine, nayo imekatika. Akainuka kitini, akaagiza tena. Obeid, mwenye duka la jirani, akamchungulia dirishani.

"Bwana Jérémie, leo unashiba karanga ama maneno?"

"Wacha mchezo, Obeid. Anayengojea apewe nchi yake ni kama nini?"

Obeid aliijua sentensi hiyo kwa moyo, kama mtaa wote. "Ni kama mwenye nyumba anayepiga hodi kwake mwenyewe."

Mzee akautazama mlango wake. Kisha akacheka mpaka karanga zikamwagika.

Siku ya kura alitoka na koti lake la kanisani, akasimama kwenye foleni katikati ya majirani. Wanawake wakapiga vigelegele, Marguerite akicheza mbele yao. Mzee akaingiza mikono mifukoni, akawagawia watu karanga kwa konzi.

"Na karatasi je, mzee?" Obeid akamtania.

"Karanga chukueni. Karatasi apana! Mi sijamaliza kusoma."