Akaiti Anakata Bila Kuchora

Siku hizi kila Jumanne, katika ukumbi wa kanisa hapa Areora, ipo nafasi moja mkekani ambayo hakuna mwanamke anayeikalia. Ni ile ya karibu na mlango, penye mwanga mzuri. Hakuna aliyeikataza. Wanafika, wanatua vikapu, wanakaa kushoto, wanakaa kulia, na katikati panabaki mkeka mtupu wa kumtosha mtu mmoja mnene. Kisiwa chetu cha Atiu, huku Pasifiki, ni kidogo. Mtu akiondoka, pengo lake huonekana.

Akaiti alikaa hapo miaka kumi na saba. Alikuwa mshonaji hodari wa tivaevae, yale matandiko yetu ya kitanda yenye maua makubwa. Lakini kushona ni kufuata. Anayeamua ua liweje ni mkataji. Yeye hukunja kitambaa kizima mpaka kiwe tabaka nane, hushika mkasi na kukata bila kuchora hata mstari mmoja, na kosa lake moja huzaa makosa manane.

Mkataji wetu alikuwa Mama Nooroa, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, akamnyooshea Akaiti mkasi.

"Mimi, Mama? Mimi sijui kubuni."

"Hata mimi sikujua. Nilikata vibaya mpaka watu wakachoka kunicheka."

"Sasa nianzie wapi?"

"Kwenye karatasi. Kila siku moja. Na usiniletee nikwambie kama ni nzuri. Ukiniletea, naiwashia moto wa chai."

Basi kila asubuhi, kabla ya kulisha nguruwe, Akaiti akawa anakata. Alianza na matangazo ya kanisa, akaingia kwenye kalenda za zamani, na karatasi zilipokwisha akahamia majani ya mgomba. Mwezi wa kwanza kila ua lake lilifanana na pweza. Hakutupa hata moja. Alizibandika karatasi ukutani, mbaya kando ya nzuri. Zipo asubuhi alizoamka hana wazo lolote kichwani. Alikata vivyo hivyo.

"Mke wangu, tunalala ndani ya wavu," alilalamika mumewe, Tangi.

"Si kitu. Samaki mwenyewe ndiye wewe."

Nimewajua watu wenye vipaji waliosubiri siku yao iwajie. Wengine bado wanasubiri, wengine tumeshawazika.

Mwaka wa pili, binti yake Ngavaine akachumbiwa na kijana wa kisiwa cha Mauke. Kwetu, bibi harusi akienda bila tivaevae ya mama yake, aibu hiyo hudumu kuliko ndoa yenyewe. Kitambaa chekundu kilikuja na meli, na meli nyingine haikutarajiwa mpaka harusi ipite. Mama Nooroa wakati huo haoni hata kidole chake. Ilikuwa ni Akaiti au hakuna.

Alikata huku wanawake kumi na mmoja wakimkodolea macho. Mkasi ulitembea vizuri. Kisha akakifunua kitambaa, na ule wekundu wote ukaanguka mkekani vipande vipande. Alikuwa ameipitia mikunjo, mahali pale ambapo lazima pabaki pameungana. Ua moja kubwa likawa petali nane zisizojuana.

Tereapii, rafiki yake tangu shule, akasema, "Bibi harusi bado hajaolewa, maua yameshaachana."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akaiti alicheka nao, halafu akalia, halafu akaenda nyumbani. Kesho yake Tangi alitusimulia dukani kwamba mkewe ameamka na kukata jani la mgomba kama kawaida. "Nikamwambia, leo si upumzike? Akaniambia nisimzibie mwanga."

Jumanne iliyofuata alirudi mahali pake. Tereapii akamsukumia kitambaa cha kijani alichokuwa amemwekea binti yake mwenyewe.

"Chukua. Ukipita kwenye mkunjo tena, nitakukata wewe."

"Na wewe nikikukata, hutoshi hata foronya."

Akakunja, akakata. Mama Nooroa alikaa kando ametega sikio kwenye mkasi, na Akaiti hakumuuliza lolote. Kitambaa kikafunuliwa: majani ya mshelisheli, mapana, yote yameshikana katikati. Jani moja katika kila pembe lilikuwa limeenda upande, kana kwamba upepo unapita mtini.

"Jani hilo limepinda," alisema Tereapii.

"Limepinda," alijibu Akaiti. "Haya, pigeni bandi."

Wakaanza kushikiza kijani juu ya kitambaa cheupe, ili baadaye kishonwe vizuri. Vile vipande vyekundu vilitumika kwenye foronya.

Siku ya harusi kule Mauke, tivaevae ilitandazwa mbele ya watu, na wanawake wa huko wakaizunguka wakiinua pindo zake. Wao mkataji wao alikuwa amehamia Auckland, na kwa miaka minne walikuwa wakishona michoro ya zamani. Wakatuma salamu kumwomba Akaiti ahamie kwao awe mkataji wao. Mara mbili alikataa. Mara ya tatu akafunga mizigo, Tangi akanung'unika, wakapanda meli.

Sasa Akaiti anaishi Mauke, nyumba ya pili kutoka gatini, na kila Jumatatu anawakatia wanawake wa huko vitambaa.