Machungwa ya Wiebrich

Kabla ya msiba ule tulimcheka sana Wiebrich, na leo tusijitie usahaulifu. Mwanamke mzima, mke wa Gosse mchimba chambo, analipwa na wapimaji wa bahari kutupa machungwa majini! Maji yakianza kujaa, utamkuta mwisho wa gati na kapu lake, kila chungwa kalipiga mstari wa rangi nyekundu, anayaachia. Chungwa huelea huku limezama karibu lote, upepo haulipati, kwa hiyo huenda maji yanakotaka. Kesho yake hupanda baiskeli akafuata tuta la kuzuia bahari kuyatafuta. Watoto walimzomea kwamba anapanda michungwa kwenye tope. Douwe, mdogo wake Gosse, alisema shemeji yake kapata kazi ya kulisha samaki matunda, na samaki wa kwetu hapa Friesland hawajui kumenya.

Yeye alicheka nao, lakini kazi ilimwingia. Bahari yetu ni ya magotini. Maji yakipwa, unatembea juu ya tope mpaka karibu na visiwa. Yakirudi, hupita mbio kwenye vijito, yakapigana, yakazunguka, yakachanganyika kama maziwa kwenye kahawa. Machungwa mawili yakitoka mkono mmoja kwa wakati mmoja, alituambia sisi majirani zake mezani, usitegemee yafike pamoja. Moja litakwama hapa kwenye lango la maji la tuta letu, la pili litatua kule Fungu la Sili, mchanga ambao bahari haiufuniki. Ya kule Gosse ndiye aliyemwokotea, kila alipokwenda kuchimba. Mwana wao Rinse alishachoka na habari hizo, na harufu yenyewe ya machungwa hakuitaka puani.

Ikaja siku ile ya Machi. Baba na mwana walikuwa mbali topeni wakichimba, ukungu ukashuka, maji yakawawahi. Usiku kucha tulipiga kengele ya kanisa ili waifuate sauti. Hawakuja. Asubuhi Douwe akamkuta Rinse kwenye lango la maji, amekufa.

Wanaume walijaa juu ya tuta. Ukungu bado ulikuwa mzito, na boti iliyoweza kutoka ilikuwa moja tu, ya Douwe. Kila mmoja alijua kwamba kama Gosse ametoka majini, baridi ile ingempa mchana mmoja, basi. Safari hii hakuna aliyecheka. Douwe akamwinamia Wiebrich, aliyekaa chini na kichwa cha mwanawe mapajani.

"Shemeji, wewe ndiye unayeyajua maji haya. Niende wapi?"

Wiebrich alitazama kule ukunguni, upande wa Fungu. Nilimwona. Kisha akaurudisha uso kwa mtoto.

"Tafuta hapa hapa. Gosse hawezi kumwacha mtoto peke yake."

Na sisi, vichwa maji, tukaitikia: damu nzito kuliko maji, baba hayuko mbali. Tukachokoa tope la lango kwa miti mirefu mchana kutwa, mpaka giza likatufukuza.

Kesho yake, siku ya tatu tangu wapotee, ukungu uliinuka, na Douwe akaenda Fungu kwa kukata tamaa tu. Gosse alikuwa ameegemea mlingoti wa alama, koti limefungwa vifungo vyote. Mchanga kuuzunguka mlingoti ulikuwa umekanyagwa ukawa njia. Alikuwa akitembea asigande.

Kwetu majirani ndio humvisha maiti, mke akakaa sebuleni na kahawa yake. Wiebrich alikataa katakata. Akamvua koti mwenyewe, akatia mkono mfukoni, akatoa maganda ya chungwa yamekunjwa vizuri, maana Gosse hakuwa mtu wa kutupa taka ovyo. Maganda yalikuwa laini bado. Mstari mwekundu ulikuwepo.

Loo! Natamani ningekuwa pengine.

"Amekufa lini?" Wiebrich akauliza.

Douwe alipapasa kofia yake. "Daktari anasema usiku wa kuamkia leo."

"Basi jana mchana kutwa alikuwa hai."

"Hukujua, shemeji."

"Nilijua." Hakupandisha sauti. "Nilijua maji yanakwenda wapi. Na Gosse alijua kwamba najua. Alikula chungwa langu akakaa kuningoja nikulete. Mimi nilitaka tu wawe pamoja."

Douwe alimshika bega, Wiebrich akautoa mkono wake taratibu, akaendelea kumvisha mumewe soksi. Wapimaji walipoleta kreti nyingine ya machungwa, yalioza mlangoni, hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Tuliwazika kaburi moja, baba na mwana, kama alivyotaka.